Mvua ya Mawe na Istilahi za Paa

Neno barafu lilitujia kwa njia ya bahari, kutoka Kiajemi, na theluji kutoka Kiarabu. Hata hivyo, tarehe 11 Mei 1848, Johannes Rebmann alipokitazama kilele cheupe cha Kilimanjaro, kiongozi wa msafara wake alikiita baridi tu. Kwa barafu iangukayo kutoka mawinguni wasemaji hawakuazima neno. Walisema mvua ya mawe. Wapo wanaoliona jina hili kuwa la mtaani mno kwa nyaraka za serikali. Siafikiani nao, kwani jina hilo linataja tendo lenyewe, yaani kupiga.

Usiku wa tarehe 3 Machi 2015, kijijini Mwakata, wilayani Kahama, katika ukanda wa dhahabu unaoelekea Geita, mvua ya mawe na upepo mkali viliua watu zaidi ya 40. Wengi waliangukiwa na kuta za udongo.

Hapa ndipo mfasiri anapopaswa kutulia. Vitabu vya ujenzi vya nchi za baridi huzungumzia barafu ikaayo juu ya paa kwa majuma, ikaziba njia ya maji penye upenu hata maji yakarudi nyuma chini ya vigae. Shauri lao ni kuzuia joto la nyumba lisipande darini. Ukilifasiri neno kwa neno kwa ajili ya fundi wa Kahama, hujamwambia kitu. Kwake barafu haikai: hupiga, huyeyuka, na maji hushukia ukutani. Tofali bichi likilowa hulegea, ukuta ukaanguka pamoja na paa. Kwa hiyo kinga ya paa huanzia chini: msingi wa mawe, lipu, upenu mpana, na mkanda wa zege juu ya kuta, ambamo kenchi hufungiwa. Msonge wa Wasukuma uliukinga ukuta kwa nyasi zilizoshuka chini. Bati lilipoingia, upenu aghalabu ulifupishwa kwa kuogopa gharama.

Geji nayo ina mtego wake. Bati la geji 28 ni nene kuliko la geji 32. Mtumishi akiandika katika waraka kwamba wananchi watumie “geji kubwa”, amewaelekeza kwenye bati jembamba. Aandike “bati nene”, kisha ataje namba.