Kijiko cha Kimea

Mtoto akikataa uji tunasema anadeka. Mara nyingi tunamwonea. Uji mzito wa mahindi humshinda kumeza. Mama akiuongeza maji, anakunywa vizuri, lakini tumbo lile dogo limejaa maji na unga ni haba. Baada ya saa moja analia tena.

Dawa ilikuwa kwa akina mama wapika pombe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe ya Tanzania, iliyoundwa mwaka 1973, walikichunguza kimea: ulezi uliolowekwa, ukachipua, ukaanikwa na kusagwa. Koroga kijiko kimoja katika uji mzito uliopoa kidogo. Dakika chache tu, uji unalegea wenyewe, bila tone la maji, kwa sababu mbegu inayoota ina vimeng'enya vinavyovunja wanga. Uchemshe tena kuua vijidudu, tia karanga zilizosagwa laini, umpe.

Bibi zetu walikijua kimea tangu zamani, ila waliofaidi ni wazee. Sasa mjini tunanunua unga wa lishe wa pakiti, na kimea kimerudi kilabuni.