Protini za virusi zinavyoelekeza dawa kwenye seli za damu

MITAA ya Pumwani na Majengo, Eastlands jijini Nairobi, ina nafasi ya pekee katika historia ya utafiti wa Ukimwi. Mwaka wa 1985, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Manitoba, Kanada, wakiwemo Profesa Elizabeth Ngugi na Dkt Frank Plummer, walianza kuwafuatilia wanawake waliofanya biashara ya ngono huko. Wachache wao hawakuambukizwa, licha ya kukabiliwa na virusi mara kwa mara. Ilibainika baadaye kwamba chembechembe zao za CD4 zilikuwa zimetulia, hali inayovinyima virusi makazi.

CD4 ni kipokezi kilicho juu ya chembechembe nyeupe zinazoongoza kinga ya mwili. Virusi vya Ukimwi vina protini ya nje, gp120, ambayo hushika kipokezi hicho mithili ya ufunguo na kufuli. Kisha hushika kipokezi cha pili, aghalabu CCR5, ndipo virusi hupenya. Chembechembe nyekundu, zisizo na CD4, huachwa.

Uteuzi huo ndio uliowavutia wanasayansi. Katika maabara, jeni zinazoleta maradhi huondolewa, ganda likabaki. Ndani yake hutiwa jeni ya tiba au dawa. Protini ya nje pia huweza kubadilishwa kulingana na seli inayolengwa.

Hata hivyo, si kila protini huchagua. Tat, protini nyingine ya virusi vya Ukimwi, ilibainika mwaka wa 1988 kuwa hupenya seli yenyewe, lakini huingia seli za aina nyingi. Nayo gp120 huweza kuvuruga kazi ya seli za CD4, na mwili huunda kingamwili dhidi yake.

Matumaini ni makubwa kwa sababu ARV huzuia virusi kuzaana, lakini haziving'oi vile vilivyojificha ndani ya CD4. Ndiyo maana mgonjwa huzimeza maishani.

Desemba 2023, Marekani iliidhinisha Lyfgenia, tiba ya selimundu inayotumia ganda la virusi kupeleka jeni kwenye seli zinazozalisha damu. Bei yake ilitangazwa kuwa dola milioni 3.1. Wanawake wa Majengo walitoa damu yao kwa miaka mingi ili sayansi isonge mbele. Kwa bei kama hiyo, matunda yake hayawezi kuwafikia.