Saa Yenye Vifungo Vitatu: Habari za Kronografu

Wasikilizaji wetu, katika nyumba nyingi za Somanda na za vijiji vya Bariadi limo sanduku lililoachwa na mzee aliyekwisha kufariki. Na ndani yake, chini ya stakabadhi za pamba na nguo za zamani, imelala saa ya mkono isiyokwenda. Watoto huichezea, mwisho ikapotea. Au hupita mchuuzi akainunua kwa bei ya kuku. Sisi tulio walimu tumeulizwa mara kwa mara na wanafunzi wetu kama saa za namna hiyo zina thamani yo yote. Jawabu ni ya kuwa nyingi hazina. Walakini ziko chache zenye thamani ya ng'ombe, na nyingine hushinda zizi zima, na asiyejua historia yake hawezi kuzipambanua. Leo twataka kueleza habari za aina moja tu, iitwayo kronografu, ambayo wakusanyaji wa saa za zamani huitafuta kuliko nyingine.

Saa ya kawaida ina kifungo kimoja ubavuni, cha kuitilia ufunguo. Kronografu aghalabu ina viwili zaidi, kimoja juu ya hicho na kimoja chini yake. Na katika uso wake mna duara ndogo mbili au tatu, kila moja na mshale wake. Ukibonyeza kifungo cha juu, mshale mrefu mwembamba uliokuwa umesimama penye kumi na mbili huondoka. Ukibonyeza tena, husimama. Ukibonyeza cha chini, huruka mara moja kama panzi na kurudi mahali pake. Wakati huo wote saa yenyewe haikomi kwenda.

Chombo hiki asili yake ni Ufaransa. Louis Moinet alimaliza cha kwanza mwaka 1816, apate kuzipima nyota zipitapo mbele ya darubini yake. Lakini kazi yake ilisahauliwa, isijulikane tena hata mwaka 2013. Kwa hiyo sifa zote zilimwendea Nicolas Rieussec, ambaye mwaka 1821 alipima farasi wa mashindano mjini Paris. Chombo chake kilikuwa kikidondosha tone la wino juu ya uso kila farasi alipofika, ndiyo sababu kikaitwa kwa Kiyunani kronografu, yaani mwandika wakati. Jina limebaki, ingawa wino umekwisha zamani. Mwaka 1844 Adolphe Nicole alipata hati ya kuvumbua kipande kidogo cha chuma chenye umbo la moyo, nacho ndicho kiurudishacho mshale mwanzo. Hata leo moyo huo umo ndani ya saa hizi. Mwaka 1915 kampuni ya Breitling ya Uswisi ilitenga kifungo cha kupimia na kile cha kutilia ufunguo, na mwaka 1934 ikaongeza cha pili cha kurudishia. Basi ukiona saa ya babu yako ina vifungo vitatu, yamkini haikutengenezwa kabla ya miaka hiyo. Hivyo ndivyo wakusanyaji wasomavyo umri wa saa hata kama hakuna hati.

Hesabu zilizochapwa ukingoni mwa uso nazo husomeka. Ziko saa za waganga: unahesabu mapigo kumi na tano ya mshipa wa mgonjwa, au thelathini, unabonyeza, na mshale unakuonyesha mshipa wake unapiga mara ngapi kwa dakika. Ziko saa za wapiga mizinga: unabonyeza uonapo mwako, unabonyeza tena usikiapo mshindo, na mshale unakuambia mzinga uko mbali kadiri gani. Kazi hiyo kila mtoto wa Bariadi aweza kuifanya wakati wa masika kwa umeme na radi, kwa kuwa sauti huenda yapata kilometa moja kwa sekunde tatu. Na ziko saa za waendeshaji wa magari: ukiipita kilometa moja kwa sekunde 45, mshale huangukia 80, nao ndio mwendo wako kwa saa. Kwa hiyo uso wa kronografu hutaja kazi ya mtu aliyekusudiwa kuivaa, na twaona kuwa hiyo ndiyo ladha yake kubwa.

Sisi watu wa Kiswahili chombo hiki hakitutatizi kama saa nyingine. Saa ya Kizungu huonyesha tisa, nasi twasema saa tatu, kwani hesabu yetu huanza jua lichomozapo. Kronografu haiulizi siku imeanza lini. Huanza kuhesabu pale unapoianzisha. Habari mashuhuri ya dakika katika pwani yetu ni ile ya Unguja ya tarehe 27 Agosti 1896. Sayyid Khalid bin Barghash alikuwa ameshika jumba la kifalme, Waingereza wakampa muda hadi saa tatu asubuhi. Muda ulipopita mizinga ya manowari ikalia, na bendera ikashushwa baada ya dakika 38. Wengine wasema 45. Mamia ya watu walikufa au kujeruhiwa katika muda usiotosha vipindi viwili vya shule. Na kwa habari njema zaidi, tarehe 2 Februari 1974 kule Christchurch, Filbert Bayi wetu alikimbia meta 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akivunja rekodi ya dunia ya Jim Ryun kwa tisa ya kumi ya sekunde tu. Kronografu nyingi za zamani hupiga mara 18,000 kwa saa, yaani mara tano kwa sekunde, wala haziwezi kugawanya sekunde zaidi ya hapo.

Mwaka 1969 ulikuwa mwaka wa fahari na wa msiba pamoja. Mwaka huo Zenith, na ushirika wa Heuer, Breitling na wenzao, na Seiko wa Japani, wote walitoa kronografu zinazojitia ufunguo zenyewe kwa mwendo wa mkono. Tarehe 21 Julai kronografu ya Omega ilikuwa juu ya mwezi, mkononi mwa Buzz Aldrin. Lakini mwezi wa Desemba Seiko hao hao wakauza saa ya betri, nayo ilikuwa sahihi kuliko zote. Katika miaka iliyofuata viwanda vingi vya Uswisi vilifungwa. Saa za kamani zikahesabiwa kuwa takataka, zikatupwa droo za mafundi. Zilizosalia ndizo zitafutwazo leo.

Mfano wa kustaajabisha ni Rolex iitwayo Daytona. Ilikuwapo aina moja ambayo rangi za uso wake hazikuwapendeza wanunuzi, ikawa haiuziki. Mchezaji sinema Paul Newman alipewa moja na mkewe, mgongoni imechorwa maneno ya kumwonya aendeshe gari kwa hadhari. Tarehe 26 Oktoba 2017 saa hiyo iliuzwa mnadani New York kwa dola 17,752,500.

Mfano wa pili u karibu nasi zaidi. Nyumba ya Al Busaid iliyotawala Unguja hata Januari 1964 ndiyo itawalayo Omani mpaka sasa, na Maskati wako watu wengi wasemao Kiswahili. Sultani Qaboos, aliyetawala tangu 1970 hata alipofariki Januari 2020, aliagiza saa nyingi kwa kina Asprey wa London za kuwatunukia watu, zikiwamo kronografu za Rolex, na juu ya uso wa nyingine ikachapwa jambia, alama ya Omani. Alama hiyo ndogo yaweza kuizidisha bei mara nyingi. Na kwa sababu hiyo hiyo waongo huipaka juu ya saa isiyopata kufika Maskati.

Sasa tuseme lile linalotuhuzunisha. Mtu wetu akipata saa ya zamani, kwanza huipeleka isuguliwe ing'are, uso upakwe rangi mpya, mishale ibadilishwe. Kumbe fundi kwa nia njema amefuta kila kitu. Wakusanyaji hulipia uso uliozeeka wenyewe, na tena uso mweusi uliogeuka kahawia kwa jua kali huuitia jina la nchi zetu za joto na kuulipia zaidi! Jua la Shinyanga na Maswa limefanya bure kazi ambayo fundi huiharibu kwa ada.

Jambo moja ni la hatari. Saa nyingi za kabla ya miaka ya 1960 zilipakwa radiamu ili zing'ae gizani. Kule Marekani, miaka ya 1920, wasichana walioipaka huku wakichonga ncha ya brashi kwa midomo waliugua, na wengi wakafa. Mng'ao hufifia baada ya miaka michache, lakini radiamu yenyewe hudumu zaidi ya miaka elfu. Basi msiifungue saa hiyo nyumbani, msikwangue rangi yake, wala mtoto asiichezee.

Na kwa kuwa saa yenye ushahidi hushinda isiyo nao, liangalieni sanduku lote kabla mchuuzi hajafika. Huenda chini kabisa imo picha ya studio, mzee angali kijana, amekunja mkono wa shati makusudi ili saa ionekane.