Minervali ya mtoto na kura ya mzazi

Siku moja katika kambi ya wakimbizi wa ndani karibu na Goma, mama mmoja wa Rutshuru aliniuliza: «Wanasema shule ya msingi ni bure. Mbona mtoto wangu amerudishwa nyumbani juu ya pesa?» Ili kumjibu, tunapaswa kurudi nyuma kidogo.

Mwaka 1974 serikali ya Mobutu ilichukua shule za makanisa. Kuziendesha kukaishinda, na mwaka 1977 ikatia sahihi mkataba wa kuzirudisha mikononi mwa makanisa, lakini mshahara wa mwalimu ukabaki mzigo wa serikali. Miaka ya 1980 serikali ikakata matumizi kwa masharti ya wakopeshaji, na fungu la masomo likapungua sana. Mwaka 1992, kisha migomo mirefu, wazazi na Kanisa Katoliki walikubaliana kwamba mzazi amuongezee mwalimu primi. Ilipaswa kuwa dawa ya muda. Ilidumu zaidi ya miaka 25.

Kwa nini ilidumu? Mzazi akilipa mwalimu, kiongozi anapumzika. Na kiongozi hakuwa na hofu ya kura: tangu 1984, Mobutu akiwa mgombea pekee, hadi 2006, hakuna rais aliyeomba kura za wananchi.

Mwaka 2006 mambo mawili yalikuja pamoja. Katiba mpya, kifungu cha 43, ilisema masomo ya msingi ni ya lazima na ya bure katika shule za serikali. Na tarehe 30 Julai tukapiga kura. Lakini kifungu bila bajeti ni karatasi. Mwaka 2010, uchaguzi wa 2011 ukikaribia, serikali ilianza na madarasa ya kwanza tu, na Kinshasa na Lubumbashi zikaachwa nje. Mwezi wa Septemba 2019 rais Tshisekedi alianzisha shule ya msingi bure kote nchini. Watoto walijaa madarasani, na mwaka 2020 Benki ya Dunia ikakubali dola milioni 800 kusaidia. Katika kampeni ya 2023 rais aliitaja kazi hiyo mara nyingi. Yaani shule ya bure inaleta kura.

Sasa tuangalie sisi wa mashariki. Mwezi wa Desemba 2018 watu wa Beni na Butembo hawakumchagua rais. Tume ya uchaguzi ilitaja Ebola na usalama. Walipigia wabunge tu mwezi wa Machi 2019, rais akiwa tayari ameapishwa. Tarehe 20 Desemba 2023, Masisi na Rutshuru hazikupiga kura juu ya vita. Mahali ambapo hakuna kura, mgombea hana faida ya kupeleka ahadi, wala hasara ya kuivunja.

Hata penye kura, tunaiuza rahisi. Tufanye hesabu ya mfano: watoto 3, kila mmoja franga 10.000 kwa mwezi, miezi 10. Hiyo ni franga 300.000 kwa mwaka. Mgombea anakuletea kitenge na chumvi, kisha hukumuona tena kwa miaka mitano. Nani amepata faida?

Jibu la yule mama ndilo hili: sheria iko, lakini walimu wengi hawajaingia kwenye orodha ya mishahara ya serikali, na mwalimu asiyelipwa anamgeukia mzazi. Basi mgombea akija, hata kambini, tusimuulize kama anapenda shule. Wote wanaipenda. Tumuulize: walimu wa shule yetu ni wangapi, wangapi wanalipwa, na wewe utafanya nini katika bajeti ili wengine walipwe? Na tumuulize pia: sisi tuliokimbia, tutapigia kura wapi?