Umenunua, Lakini Ni Chako?

Katika droo ya meza yangu imo simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka. Siitupi. Ndani yake imo programu ya kamusi niliyoilipia nilipokuwa masomoni, pamoja na maelezo niliyoyaandika mwenyewe kwa miaka minne. Mtengenezaji aliiondoa sokoni zamani, na simu yangu mpya haiipokei. Wanafunzi wangu huicheka simu ile. Huwajibu kwamba siku itakapozimika nitapoteza mali ambayo, kisheria, huenda haikuwa yangu tangu awali.

Ugomvi huu ni mkongwe kuliko simu. Mwaka 1908 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya kampuni ya vitabu ya Bobbs-Merrill, iliyokuwa imechapa ndani ya riwaya yake onyo kwamba kuiuza chini ya dola moja ni kuvunja hakimiliki. Wenye duka la Macy's wakaiuza kwa senti 89. Mahakama ikaamua kwamba mchapishaji akishaiuza nakala, hawezi tena kumpangia mnunuzi bei ya kuiuzia. Nakala imeshabadilisha mwenyewe.

Apple ilipofungua duka lake la programu Julai 2008, likiwa na programu zipatazo 500, mnunuzi alibaki na kitu cha kushika. Faili la programu liliweza kuhifadhiwa kwenye kompyuta yake kupitia iTunes. Lilikuwa limefungwa kwa akaunti yake, ni kweli, lakini lilikuwa kwake. Programu ikiondolewa dukani, aliweza kuirudisha kwenye simu kutoka nyumbani. Wenye busara walinakili mafaili hayo kwenye diski za pembeni. Mimi sikuwa miongoni mwao.

Dalili ya mambo yajayo ilionekana mapema, na upande wa vitabu. Julai 2009 Amazon ilifuta nakala za *1984* ya George Orwell kutoka katika vifaa vya Kindle vya watu waliokwisha kuzilipia, kwa sababu aliyeziweka sokoni hakuwa na haki nazo. Fedha zilirudishwa na kampuni ikaomba radhi. Lakini mwanafunzi mmoja aliyekuwa ameandika maelezo yake ya masomo juu ya nakala hiyo alikwenda mahakamani, kwa kuwa maelezo yale yalikuwa yamebaki bila kitabu. Namwelewa sana.

Kisha ikaja Septemba 2017. Katika mwezi huo mmoja, toleo la 12.7 la iTunes liliondoa sehemu ya kusimamia programu kwenye kompyuta, na mfumo wa iOS 11 ukakataa programu zote za biti 32. Ghala la nyumbani likafungwa wakati uleule bidhaa za zamani zilipokuwa zikikataliwa mlangoni. Mwezi uliofuata Apple ilitoa toleo la 12.6.3, lenye sehemu ile ya programu, kwa ajili ya taasisi zilizoihitaji. Mtu wa kawaida naye aliweza kulipakua, ilimradi ajue kwamba lipo.

Nisiwe mkali kupita kiasi. Programu nyingi zilizoondolewa sokoni bado huonekana katika orodha ya manunuzi, na mnunuzi huweza kuzipakua tena. Wala simdai mtengenezaji anihudumie milele, maana kazi hiyo ina gharama. Ila kupakua tena kwa hisani ya duka si sawa na kuwa na faili langu sandukuni.

Mwaka 2024 jimbo la California lilipitisha sheria, iliyoanza kutumika Januari 2025, inayomkataza muuzaji kutumia neno "nunua" kwa bidhaa za kidijitali za namna hii bila kumweleza mteja waziwazi kwamba anapewa leseni tu. Sheria hiyo imenyoosha lugha ya dukani, lakini haikumrudishia mtu faili lake.

Kwa hiyo kila Jumapili naichaji simu ile na kunakili maelezo yangu kwa kalamu, kurasa mbili mbili. Nimefika herufi M.