Data Huria za Serikali (Kenya)

Data huria za serikali ya Kenya ni takwimu za umma zilizowekwa mtandaoni ili yeyote azisome, azipakue na kuzitumia bila malipo wala kuomba ruhusa. Mpango wa kuziweka mtandaoni ulizinduliwa na Rais Mwai Kibaki tarehe 8 Julai 2011. Aliyeusukuma zaidi ni Bitange Ndemo, wakati huo Katibu wa Kudumu wa Wizara ya Habari na Mawasiliano. Matokeo ya sensa ya 2009 na matumizi ya serikali yalikuwa miongoni mwa yaliyotangulia kuchapishwa. Kasi ilipungua baadaye, takwimu nyingi zikabaki bila kuhuishwa, nazo zikichakaa hazimfai mzazi anayetaka kujua fedha za shule ya kijijini kwake zimekwenda wapi.

Hata hivyo, nguvu kubwa zaidi ya raia ya kupata habari za serikali imo katika sheria. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 humpa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya mwaka 2016 iliyotekeleza kifungu hicho huitaka ofisi ya umma ijibu ombi ndani ya siku 21, au saa 48 iwapo uhai au uhuru wa mtu umo hatarini. Anayenyimwa hupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki za Kiutawala, maarufu kama Ombudsman.