Pete Inayobadili Rangi Taa Ikiwashwa

Ukiigeuza pete ya Kisovieti ya miaka ya 1960 na kutazama upande wa ndani, utakuta nambari 583 na nyota ndogo yenye nyundo na mundu. Nambari ni kiwango cha dhahabu: sehemu 583 katika kila 1,000. Nyota ilianza kugongwa mwaka 1958. Kabla yake palikuwa na kichwa cha mfanyakazi na nyundo yake. Alama hizo zinasema kweli. Mashaka yako upande wa juu, kwenye kito kikubwa ambacho mchana ni cha samawati iliyofifia, na usiku, chini ya balbu, hugeuka zambarau yenye wekundu. Wanawake wengi waliovishwa pete za aina hii waliambiwa kwamba hiyo ni aleksandraiti. Siyo.

Aleksandraiti halisi iligunduliwa miaka ya 1830 katika milima ya Ural, kwenye machimbo ya zumaridi karibu na Yekaterinburg. Mtaalamu wa madini kutoka Ufini, Nils Gustaf Nordenskiöld, anatajwa miongoni mwa walioitambua, na ikapewa jina la mrithi wa kiti cha enzi, ambaye baadaye alikuwa Tsar Alexander II. Wauza vito hupenda kusimulia kwamba ilionekana siku ileile kijana huyo alipotimiza miaka 16, mwaka 1834. Hadithi tamu, labda tamu kupita kiasi. Lisilo na ubishi ni kwamba kito kilikuwa kijani juani na chekundu mbele ya mshumaa. Kromiamu iliyomo hupitisha rangi hizo mbili kwa kiasi kinachokaribiana, hivyo mwanga wenyewe ndio unaoamua ipi ishinde.

Vito vya Ural havikuwatosha hata matajiri wa Saint Petersburg, sembuse karani anayeposa kwa mshahara wa mwezi.

Suluhisho lilitoka Paris. Mkemia Auguste Verneuil, mwanafunzi wa Edmond Frémy, aliikabidhi Akademia ya Sayansi maandishi ya njia yake, yakiwa yamefungwa kwa lakiri, mwaka 1891 na 1892. Aliitangaza hadharani mwaka 1902. Kinyundo hugonga chombo chenye unga laini wa alumina. Unga hudondoka kidogo kidogo, hupita katika mwali wa oksijeni na haidrojeni wenye joto la zaidi ya nyuzi 2,000 za Selsiasi, huyeyuka, kisha huganda juu ya kigingi kilicho chini. Kigingi huteremshwa polepole kadiri fuwele inavyokua. Baada ya saa chache hupatikana kipande cha yakuti kinachoweza kukatwa na kung'arishwa. Ukitia kromiamu, unapata yakuti nyekundu. Ukitia vanadi, unapata kito cha pete yetu.

Yakuti hizi hazikuwa za mapambo tu. Kule Monthey, Uswisi, kiwanda cha Djévahirdjian kilianzishwa mwaka 1914, na mawe ya aina hii yakatumika ndani ya saa, mahali ambapo mhimili unazunguka na chuma kingelika haraka. Jiwe lililotunza majira ya treni halikustahili kudharauliwa.

Dharau ililetwa na wauzaji. Watalii waliuziwa mawe haya Misri na Mexico kwa jina la aleksandraiti. Mwaka 1952 wafanyabiashara wa vito wa Marekani waliiingiza aleksandraiti katika orodha ya vito vya waliozaliwa Juni, na kwa kuwa ya asili haikununulika kirahisi, yakuti ya vanadi ikaziba pengo. Aleksandraiti ya kweli ya maabara ilikuja kuuzwa mwaka 1973, na kampuni ya Creative Crystals ya California.

Sonara mwenye lenzi hahitaji muda mrefu. Ndani ya jiwe la Verneuil huonekana mistari iliyopinda, mithili ya mifereji ya sahani ya santuri, na pengine vipovu vya hewa. Fuwele iliyokulia ardhini ina mistari iliyonyooka. Cha kuchekesha ni kwamba bandia ndiyo ngumu zaidi: yakuti ina ugumu wa 9 katika kipimo cha Mohs, aleksandraiti 8.5. Bibi aliyefua na kuosha vyombo miaka 40 na pete yake kidoleni huenda alibahatika kudanganywa.

Taa nazo zimebadilika. Umoja wa Ulaya ulianza kuziondoa sokoni balbu za waya mwaka 2009, na chini ya LED nyeupe pete nyingi hizi hubaki samawati usiku kucha.

Tanzania ina aleksandraiti ya asili, ikiwemo ya Manyara. Lakini ndugu wa karibu zaidi wa jiwe la pete yuko mkoani Tanga: katika bonde la Mto Umba huchimbwa yakuti za asili zinazobadilika kutoka samawati hadi zambarau, na ndani yake wanakemia wamekuta vanadi ileile. Ndiyo maana mnunuzi wa yakuti ya Umba hawezi kutegemea rangi peke yake. Inabidi atazame ile mistari.